Karanga za Waingereza, Keki za Kwetu

Ukitamka neno "kupulizia" hapa Nachingwea, au kule Ruangwa kwa jirani zetu, mtu wa kwanza kugeuka ni mkulima wa korosho. Kwetu sisi kupulizia ni kazi yenye msimu wake. Mwezi wa sita mikorosho inapoanza kuchanua, watu wanabeba mashine mgongoni, wanajifunga kitambaa puani, na kabla jua halijapanda shamba zima limeshajaa vumbi la njano la salfa. Anayesakwa ni ubwiriunga, ule ukungu mweupe unaokausha maua, ambao hapa nchini ulitambuliwa mwaka 1979. Ukipulizia vizuri, mwezi wa kumi unaokota korosho. Ukizembea, unaokota majani.

Sasa miaka hii neno hilo limepata kazi ya pili. Utasikia watu wa kamati ya harusi wakiulizana, "Keki ya kawaida au ya kupulizia?" Na jibu siku hizi ni la pili, maana hakuna bwana harusi anayetaka kuonekana mshamba mbele ya wakwe.

Msomaji ambaye hujaiona mashine yenyewe, hebu nikueleze. Mafundi wanaiita eabrashi, wengine wanaiita "bunduki" tu. Ni kidude chenye umbo la kalamu nene, kina kikombe kidogo cha rangi juu yake, na kimeungwa kwa mpira na kompresa inayosukuma upepo. Ukibonyeza kitufe, unatoka upepo mtupu. Ukikivuta kitufe nyuma, sindano iliyo ndani inarudi kidogo, na rangi inafuata upepo kama ukungu. Kadiri unavyovuta ndivyo rangi inavyoongezeka. Ukisogeza mkono karibu unapata mstari mwembamba kama wa kalamu, ukiurudisha nyuma unapata wingu. Kazi yote iko kwenye kidole kimoja, na kidole hicho kikitetemeka harusi nzima itaona.

Niliposema kijiweni kwamba nataka kuandika historia ya jambo hili, washkaji walinicheka. Mmoja akaniambia, "Kaka, Nachingwea ina Mradi wa Karanga, ina kambi ya FRELIMO, ina reli iliyong'olewa, wewe unaandika keki?" Mzee mmoja aliyekuwa anacheza bao pembeni akaongeza kwamba keki ni mambo ya Wazungu, kwamba sisi tulikuwa na ubwabwa na ngoma na tulioana vizuri tu. Sikubishana naye, mzee habishiwi. Lakini nilirudi nyumbani nikiwaza, na kadiri nilivyosoma ndivyo nilivyoona kwamba washkaji wangu wametenganisha vitu ambavyo havitenganishiki. Huwezi kueleza kwa nini kuna mji unaoitwa Nachingwea, ulivyo leo, bila kueleza habari ya keki. Nasema hivyo bila utani.

Twende Uingereza kwanza. Vita Kuu ya Pili ilipoanza, Waingereza waliwekewa mgao wa chakula. Kuanzia Januari 1940 siagi na sukari vilitolewa kwa kadi. Mwezi Agosti mwaka huohuo serikali yao ikapiga marufuku kupaka sukari juu ya keki baada ya kuokwa. Yaani ile aisingi nyeupe, ambayo kwao ndiyo alama ya harusi, ikawa kosa la jinai. Wakafanyaje? Waokaji wakatengeneza maboksi marefu ya karatasi ngumu na plasta, yaliyopambwa yakafanana kabisa na keki ya ghorofa tatu. Maarusi walikodi boksi, wakapiga picha mbele yake, kisha boksi linanyanyuliwa na chini yake kuna kikeki kidogo cheusi kisicho na chochote juu. Picha zile zipo hadi leo. Ukizitazama huwezi kujua kwamba wale watu wanatabasamu mbele ya karatasi.

Vita vikaisha 1945 lakini mgao haukuisha. Tatizo kubwa likawa mafuta: mafuta ya kupikia, mafuta ya sabuni, na zaidi ya yote mafuta ya kutengenezea majarini. Mwaka 1946 Frank Samuel, mkubwa wa kampuni ya United Africa, akapeleka wazo kwa serikali ya Uingereza kwamba pori la Tanganyika likifyekwa na kupandwa karanga, kina mama wa London watapata majarini. Serikali ikamtuma John Wakefield kuja kukagua, naye akarudi na taarifa nzuri mno. Mpango ukatangazwa 1947: ekari zaidi ya milioni 3, paundi milioni 25. Sehemu tatu za Tanganyika zikachaguliwa: Kongwa, Urambo, na huku kusini, Nachingwea. Karatasi zao zilitegemea kusini kuliko sehemu nyingine zote.

Basi hapo ndipo tulipoingia kwenye historia ya dunia, ndugu msomaji. Tuliingia kupitia jikoni.

Mwaka huohuo wa 1947, tarehe 20 Novemba, Binti Mfalme Elizabeth aliolewa. Nchi yake ikiwa bado kwenye mgao, alikatiwa keki ya urefu wa futi 9, ghorofa nne, uzito paundi 500, ambayo vitu vyake vilichangwa kutoka makoloni na nchi rafiki. Tanganyika nayo haikukosa kwenye sherehe: Bwana Williamson wa mgodi wa Mwadui alimzawadia almasi ya waridi ya karati zaidi ya 54, iliyookotwa mwezi mmoja kabla. Kwa hiyo katika mwaka mmoja Tanganyika ilimpa bibi harusi yule almasi, na ikaahidiwa kwa niaba yake kwamba itawapa raia wake mafuta ya keki. Sisi wenyewe hatukuulizwa.

Habari ya jinsi mradi ulivyokufa imeandikwa sana, sitaichimba. Matrekta yalikuwa mabaki ya vita, mengine yalikuwa vifaru vilivyogeuzwa. Mizizi ya miti ilivunja majembe, udongo wa Kongwa uliganda kama saruji wakati wa kiangazi, mvua ikawakatalia. Januari 1951 serikali ya Uingereza ikatangaza kufuta hasara ya zaidi ya paundi milioni 36. Waingereza wakaendelea kula kwa kadi hadi 1954. Karanga zetu hazikuwapamba.

Kwetu zikabaki barabara zilizonyooka kama rula, uwanja wa ndege na mashamba yenye namba badala ya majina. Farm 17 ndiyo hiyo iliyokuja kuwa kambi ya wapigania uhuru wa Msumbiji miaka ya sitini, chini ya Samora Machel. Ikabaki pia reli. Treni ilifika Nachingwea 1949, baadaye njia ikaunganishwa na bandari mpya ya Mtwara, na mwaka 1962 ikafungwa na vyuma vikang'olewa. Reli iliyoishi miaka 13! Kuna ng'ombe wameishi zaidi.

Keki yenyewe ilitufikia polepole, bila kutangazwa. Wapo waliojifunza kwa kupika katika nyumba za Wazungu, wapo waliojifunza misheni, wapo waliofundishwa sayansi kimu shuleni. Lakini mkono uliokuwa tayari kuipokea ulikuwepo. Bibi zetu walijua moto wa juu na chini kabla ya mtu yeyote kuleta oveni: sufuria juu ya jiko la mkaa, mfuniko wa bati, makaa mengine juu ya mfuniko. Mkate wa kumimina unaiva hivyo. Na keki inaiva hivyohivyo, ukijua kupunguza makaa ya chini. Mafundi wengi ninaowafahamu hapa walianza kwa sufuria, na wapo ambao hadi leo umeme ukikatika wanarudi kwenye sufuria bila hata kununa.

Kilichotunyima keki hakikuwa ujuzi, bali ilikuwa korosho. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna tani kama 145,000 za korosho. Halafu watu wakahamishiwa vijijini, mashamba yakabaki mbali, bei ikawa ya kukatisha tamaa, ubwiriunga ukaingia, na kufika msimu wa 1986/87 nchi nzima ikavuna chini ya tani 20,000. Ongeza hapo vita vya Kagera na uhaba wa kila kitu, hadi mwaka 1983 serikali ikaanzisha msako wa wahujumu uchumi waliokuwa wakificha bidhaa. Wazazi wetu walipanga foleni kwa ajili ya sukari na sabuni. Nikisoma habari za Waingereza na maboksi yao ya karatasi, huwa nawakumbuka hao wa kwetu. Angalau Mwingereza alikuwa na boksi.

Kwa hiyo kabla hujauliza keki ya kupulizia imetoka wapi, tazama korosho ilivyofufuka. Salfa ilisaidia, utafiti wa kituo cha Naliendele kule Mtwara ulisaidia, mikorosho mipya ilipandwa, na msimu wa 2017/18 nchi ikavuka tani 310,000. Bei ya korosho kwetu ndiyo kalenda ya harusi. Minada ya ushirika wetu wa RUNALI, unaounganisha Ruangwa, Nachingwea na Liwale, inafanyika kuanzia Oktoba. Pesa zikiingia, kadi za michango zinatoka. Novemba 2018 wakulima walipokataa bei ya wanunuzi, serikali ikaamua kununua yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo na jeshi likapewa kazi ya kusomba, malipo ya wengi yalichukua miezi. Na harusi nazo zikasubiri. Fundi wa keki anasoma bei ya mnada kwa makini kuliko mwenye shamba.

Mashine nayo ina ukoo wake. Bwana mmoja wa Iowa, Marekani, jina lake Abner Peeler, ndiye aliyetengeneza chombo cha kwanza cha kupuliza rangi kwa upepo, mwishoni mwa miaka ya 1870. Alikifanya kwa vipande vya mbao na vyuma alivyookota. Mwaka 1893 Charles Burdick akakiboresha kuwa ile kalamu tunayoijua, akahamia Uingereza kukiuza. Kwa miaka mingi kazi yake kubwa ilikuwa kwenye studio za picha: kulainisha uso wa mteja, kufuta makunyanzi, kuongeza wingu nyuma ya kichwa. Kutoka hapo kikaenda kwenye mabango, kwenye matangi ya pikipiki, na waokaji nao wakakichukua.

Ruangwa kuna kijana aliyepita njia hiyohiyo bila kumjua Burdick. Alianza gereji, akipaka rangi matangi ya bodaboda: moto, tai, majina ya wapenzi. Dada yake akawa anaoka keki za sherehe za watoto. Siku moja dada akamwomba achore keki. Yeye mwenyewe aliniambia, "Broo, tangi na keki ni kitu kimoja, ila tangi haliyeyuki." Bunduki ya gereji hakuitumia, nashukuru Mungu. Alinunua nyingine ndogo, haijawahi kuguswa na rangi ya gari, na anaifungia kabatini kama bastola ya kweli.

Hilo la kuyeyuka si dogo. Wataalamu wa vitabuni wanaandika kama vile dunia nzima ina baridi. Huku kwetu mwezi wa kumi na moja, saa nane mchana, krimu ya majarini inalainika ukiitazama tu. Rangi ya kupulizia ni maji, krimu ni mafuta, na maji hayashiki kwenye mafuta. Yanakusanyika vitone kama jasho. Kwa hiyo fundi wa kusini ana elimu yake. Anapuliza usiku au alfajiri. Anapuliza pazia jembamba, anaacha likauke kwa upepo mtupu, anapuliza tena. Wengine wanachagua rangi iliyochanganywa na spiriti ya chakula inayokauka haraka. Wengine wanaifunika keki kwa fondanti, lile donge la sukari linalosukumwa kama chapati, ambalo linashika rangi vizuri zaidi, ingawa walaji wetu wengi wanalibandua na kuliacha kwenye sahani.

Na rangi zenyewe? Hapa ndipo wazee wanapokuwa na haki ya kuuliza. Mwaka 1856 kijana Mwingereza wa miaka 18, William Perkin, alikuwa anahangaika kutengeneza kwinini kutoka kwenye lami ya makaa ya mawe. Alikuwa anatafuta dawa ya malaria, fikiria! Badala yake akapata zambarau. Kutoka hapo zikazaliwa rangi za viwandani, na haikuchukua muda zikaingia kwenye pipi. Si zote zilizokuwa salama. Mwaka 1950 watoto wa Marekani waliugua kwa kula pipi za rangi ya chungwa, na rangi hiyo ikaja kuondolewa. Januari 2025 Marekani ikafuta kibali cha rangi nyekundu namba 3, ikawapa watengenezaji wa vyakula hadi 2027 kuiondoa.

Sisi nasi si wageni wa rangi kwenye chakula. Nani kati yetu hakuwahi kurudi nyumbani na ulimi mwekundu kwa ajili ya ubuyu? Pwani na visiwani wanao mzingifuri, tunda lenye miiba laini na mbegu nyekundu, ambalo nalo asili yake ni Amerika, likaja likawa mwenyeji. Kwa hiyo hoja ya kwamba rangi ni ugeni haina miguu. Hoja ya kwamba fundi ajue anachopuliza, hiyo ina miguu minne. Kuna unga wa kung'aa unaouzwa madukani, kopo limeandikwa kwamba hauna sumu. Kutokuwa na sumu si kuwa chakula. Hata kifungo cha shati hakina sumu. Kuanzia 2019 usimamizi wa usalama wa chakula uko chini ya TBS, lakini TBS haiwezi kukaa kwenye kila sebule inayooka keki. Dada mmoja wa hapa Nachingwea mjini ana kipimo chake: rangi yoyote mpya anaweka tone ulimini mwake kwanza, anasoma kopo zima, na kama hakuna neno chakula analirudisha dukani. Amewahi kugombana na muuza duka kwa hilo, na mimi niko upande wake.

Ni huyu dada aliyenifanya niache kucheka keki. Nilimkuta akitengeneza keki ya kanga kwa ajili ya bi mkubwa mmoja aliyekuwa anamwoza mwanawe wa mwisho. Keki ya kanga hasa: pindo imezunguka pembeni, mji katikati, na jina limeandikwa chini kwa herufi kubwa. Alikata umbo la korosho kwenye plastiki ngumu, akaliweka juu ya fondanti, akapuliza nyekundu, akalisogeza, akapuliza tena. Korosho arobaini na mbili, nilizihesabu. Akaongeza kivuli cha kahawia kwa kila moja upande wa kushoto, na ghafla zikanyanyuka, ukasema ziokote. Saa tano za kazi. Zikaliwa kwa dakika ishirini.

Nikamuuliza haoni uchungu? Akanijibu bila kuinua macho, "Mbona anayepika ubwabwa humuulizi?"

Kuna mtu wa upande wetu ambaye dunia inamjua. Edward Saidi Tingatinga alizaliwa Tunduru mwaka 1932, akaenda Dar es Salaam kutafuta maisha, na mwishoni mwa miaka ya sitini akaanza kuchora wanyama kwenye vibao kwa rangi za kupakia baiskeli. Rangi ya baiskeli! Alikufa 1972, picha zake zikaendelea. Kibao kinaning'inia ukutani Ulaya, mtaalamu anakuja na miwani anaandika kitabu. Keki ya kanga ya yule dada imebaki kwenye simu za watu, tena nyuma ya vichwa vya maarusi. Nimejaribu kuiweka kwenye riwaya yangu ambayo iko kwenye daftari la tatu sasa, lakini mhusika wangu kila nikimpa ile bunduki mkononi anaanza kuongea kama mwalimu. Ndiyo maana nimeiandika hapa kama ilivyo.

Oda ya mwisho niliyoiona kwake ilitoka kwa familia moja iliyotaka kumfanyia babu yao sherehe ya kuzaliwa, mzee wa miaka themanini na ushei ambaye ujanani alifanya kazi kwenye reli. Wajukuu walitaka treni. Dada hajawahi kuiona treni ya Nachingwea, wala mama yake. Akawapigia watu simu, kila mmoja akataja rangi yake: kijani, nyekundu, wengine walikuwa wanakumbuka treni ya sinema. Mwishowe akaamua kwenda kwa mwenyewe, akamwamkia, akamuuliza.

"Nyeusi, mjukuu wangu," mzee akasema. "Na ukitaka ifanane, usihangaike na injini. Hangaika na moshi."

Moshi ndicho kitu ambacho mashine ile inaweza kuliko brashi yoyote. Alipuliza kijivu chepesi kutoka kwenye bomba la injini, akakipeleka nyuma juu ya mabehewa, akakirudia mara tatu hadi kikapita ukingo wa keki na kushuka ubavuni. Mzee alipoletewa alikaa akiitazama kwa muda, watoto wakipiga makofi na MC akimhimiza ashike kisu. Akashika. Akasema waanzie mabehewa ya nyuma, injini waiache kwanza.